Umesomeshwa na mwajiri, sasa wataka kuondoka?

TUSEME wewe ni muuguzi. Ulizaliwa karibu na Kebirigo, ukasomea diploma yako katika chuo cha utabibu cha KMTC, kisha ukabahatika kupata kazi katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisii. Miaka miwili baadaye mwajiri anakuita afisini na kukupa habari njema. Hospitali imenunua mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na wewe ndiwe uliyechaguliwa kwenda Nairobi kuisomea kazi hiyo. Karo italipwa. Nauli na malazi yatalipwa. Unachotakiwa kufanya ni kutia sahihi hapa, na hapa, na hapa tena. Na kule chini watie sahihi wadhamini wawili.

Furaha ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kusoma. Unatia sahihi ukiwa umesimama. Jioni unapanda matatu hadi nyumbani, na mama yako anaandika jina lake chini ya lako bila hata kutafuta miwani, kwa kuwa mtoto amepata. Baba mdogo anakuwa mdhamini wa pili. Kuku anachinjwa.

Miaka inakwenda. Umerudi na ujuzi wako, umefanya kazi miezi 20, na barua nyingine imekujia, hii ikitoka kwa mwajiri mwingine anayeahidi mshahara unaokaribia mara mbili ya ule unaopata. Unapeleka barua ya kujiuzulu kwa adabu zote. Siku ya pili unajibiwa kwamba unadaiwa gharama zote za mafunzo, Sh360,000, na kwamba usipolipa, wadhamini wako watalipa.

Mpenzi msomaji, usifunue ukurasa huu haraka kwa kuwa wewe si muuguzi. Karani wa benki anayepelekwa kusomea mikopo, fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, rubani, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, wote hao hukutana na karatasi hiyo ambayo watu kazini huiita bondi. Na hata kama hukusomeshwa na mtu, huenda wewe uliyeko Umoja au Kawangware ukisoma gazeti baada ya ibada, ulimdhamini mpwa wako miaka minne iliyopita na hukumbuki tena ulichokiandika.

Nimeandika makala haya kwa sababu katika Kisii na Nyamira jambo hili limezungukwa na hofu isiyo na msingi upande mmoja, na uzembe wa hatari upande wa pili. Wako wanaoamini kwamba bondi ni pingu, kwamba ukiitia sahihi huwezi kuondoka hadi siku zako ziishe, na kwa hivyo wanakaa mahali wanapoteseka. Na wako wanaoamini kwamba ni karatasi tupu, wanatoroka usiku na kuzima simu, halafu mama aliyebaki nyumbani ndiye anayepelekewa barua ya wakili. Makundi yote mawili yamekosea. Bondi ni deni. Tena, ikiwa imeandikwa kwa haki, ni deni linalopungua kila mwezi unaofanya kazi.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu. Hadi mwaka wa 1974, kijana aliyeingia chuo kikuu hapa Kenya alisomeshwa na serikali kwa gharama zote, na baadaye alitakiwa kuitumikia serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mwaka huo wa 1974 mpango wa mikopo ya wanafunzi ukaanzishwa, na mwaka wa 1995 Bunge likaunda HELB, bodi ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii wanaijua vizuri kuliko wanavyolijua jina la chifu wao. Tofauti ya hizo mbili ni kwamba HELB haijali unamfanyia nani kazi, mradi ulipe. Bondi inajali. Inataka kazi yako kwa mtu fulani kwa muda fulani, na fedha zinakuja tu pale kazi hiyo inapokosekana.

Serikalini utaratibu huu ungali hai. Kanuni za utumishi wa umma zilizotolewa mwaka wa 2016 zinamtaka mfanyakazi anayekwenda kwenye mafunzo ya miezi sita au zaidi atie sahihi mkataba wa kutumikia kwa muda maalumu akirudi, na akiondoka mapema alipe kwa kadiri ya muda uliobaki. Kumbuka maneno hayo, kwa kadiri ya muda uliobaki. Nitayarudia.

Hapa ndipo watu wa pande zetu hujikwaa kwa jambo ambalo wenyeji wa kwingineko hawalioni haraka. Ukisimama katika soko la Keroka, mguu mmoja unaweza kuwa Kisii na mwingine Nyamira. Kabla ya mwaka wa 2013, muuguzi wa serikali aliyetoka hospitali ya Nyamira kwenda ile ya Kisii alikuwa amehamishwa tu; wizara ilikuwa moja, mwajiri alikuwa yule yule, na bondi yake ilimfuata bila kelele. Ugatuzi ulipoanza mwaka huo wa 2013, hospitali hizo zikawa chini ya serikali mbili zenye hazina mbili. Leo ukijiuzulu upande mmoja ukaajiriwa upande wa pili, umemwacha mwajiri wako, hata kama kitanda unacholalia hakikusogezwa hata hatua moja. Isipokuwa kaunti hizo mbili zikubaliane kwa maandishi kuhusu uhamisho wako, ile iliyokusomesha ina haki ya kukuuliza fedha zake ziko wapi. Nawasihi vijana walioko katika kazi za afya walishike hilo kabla ya kuandika barua yoyote.

Hesabu ya mwezi kwa mwezi

Turudi kwenye Sh360,000 zako. Tuseme mkataba ulisema utafanya kazi miaka mitatu baada ya kurudi, yaani miezi 36. Gawanya. Kila mwezi unaofanya kazi unalipa Sh10,000 bila kutoa hata senti mfukoni, kwa jasho lako tu. Umefanya miezi 20, kwa hivyo umekwisha kulipa Sh200,000. Zilizobaki ni Sh160,000. Hilo ndilo deni lako la kweli, wala si zile zilizoandikwa katika barua ya mwajiri. Ukisubiri hadi mwezi wa 30, litakuwa Sh60,000 tu, na pengine mwajiri mpya atakuwa tayari kulilipa kwa niaba yako. Waajiri hufanya hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa wanapomtaka mtu mwenye ujuzi adimu, lakini hawafanyi wasipoombwa.

Je, ikiwa mkataba wako hausemi lolote kuhusu kupungua? Ikiwa unasema kwamba ukiondoka wakati wowote kabla ya miezi 36 utalipa Sh360,000 kamili? Basi aliyeondoka siku ya kwanza baada ya masomo na aliyeondoka akibakiza mwezi mmoja wanadaiwa sawa. Hata mtoto wa darasa la tatu ataona kwamba hapo pana kasoro. Sheria pia inaiona. Mahakama zetu zilirithi kutoka Uingereza kanuni iliyowekwa wazi mwaka wa 1915 katika kesi ya Dunlop, kampuni ile ya magurudumu ya magari, na ingali inatajwa na majaji wetu. Kanuni inasema kwamba watu wakiandika katika mkataba kiasi cha kulipwa mmoja wao akivunja ahadi, kiasi hicho kiwe makadirio ya kweli ya hasara. Kikiwa ni fimbo ya kumtisha mtu, hiyo ni adhabu, na mahakama haitakubali kuwa mkusanyaji wa adhabu za watu binafsi. (Dunlop wenyewe walishinda kesi hiyo, kwa hivyo msomaji asidhani kwamba kila kiasi kilichoandikwa ni adhabu.)

Kwa sababu hiyo swali la kumwuliza mwajiri si "kwa nini unanidai?" Swali ni "fedha hizi zilikwenda wapi?" Karo ina risiti. Nauli ina risiti. Malazi yana risiti. Kama mkataba unasema mshahara uliolipwa ukiwa darasani nao utahesabiwa, basi umeandikwa na uliukubali. Kama hausemi, usikubali uingizwe sasa. Lakini ziko kampuni ambazo humkalisha kijana siku mbili katika chumba cha mikutano, msimamizi wa kampuni hiyo hiyo akamwonyesha jinsi ya kujaza fomu zao, akanywa chai na mandazi, na baadaye akadaiwa maelfu kwa jina la mafunzo. Kumwonyesha mfanyakazi mpya mlango wa stoo ulipo si kumsomesha. Hayo ni maoni yangu, nami nayasema nikiwa nimewahi kutia sahihi karatasi ya namna hiyo mwenyewe katika ujana wangu, katika kampuni ambayo haina haja kutajwa. Nilidaiwa gharama za kozi ambayo mwalimu wake alikuwa mwenzangu tuliyekaa naye meza moja. Nilipoomba risiti, mazungumzo yaliisha.

Lipo swali jingine ambalo wafanyakazi wachache hujua kuliuliza. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na fedha hizo huenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Zimewekwa ili mwajiri anayewasomesha watu wake, akiwa amelipa ushuru na kuomba idhini mapema, aweze kurudishiwa sehemu ya gharama. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba kozi unayodaiwa imekwisha kulipiwa, angaa kwa sehemu, kutoka kwenye mfuko huo. Uliza. Mwajiri mwaminifu hatakasirika, maana hasara aliyokwisha kufidiwa si hasara tena.

Mshahara wako wa mwisho

Wengi hulia siku ya mwisho wa mwezi. Umefanya kazi siku zako zote, una siku za likizo ambazo hukuchukua, unakwenda benki na kukuta hakuna kitu. Ukiuliza unaambiwa, "Tumekata ya bondi."

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 19, inaeleza ni makato gani mwajiri anaweza kuyafanya kwenye mshahara. Zipo fedha za malipo ya uzeeni, kuna kufidia mali iliyoharibiwa kwa makusudi, kuna siku ambazo mtu hakufika kazini bila ruhusa, kuna amri ya mahakama, na kuna kulipa mkopo ambao mwajiri alikupa kwa mkataba wa maandishi. Huo wa mkopo una kikomo: hauwezi kuzidi nusu ya mshahara uliobaki baada ya makato mengine. Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni yako kwa vyovyote vile, uwe unadaiwa au hudaiwi. Mwajiri akiona haitoshi, njia ya mahakama iko wazi kwake kama ilivyo wazi kwa mtu yeyote anayedai. Lakini hawezi kuwa mdai, hakimu na mtekelezaji kwa wakati mmoja kwenye karatasi ya mshahara.

Tena kuna cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akupe cheti hicho unapoondoka, kikionyesha ulianza lini, ukamaliza lini na ulifanya kazi gani, madhali ulikuwa kazini kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Kukinyima kwa makusudi ni kosa linaloweza kumletea mwajiri faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo cha miezi isiyozidi sita, au yote mawili. Hakuna mahali sheria inaposema cheti hicho kikae kabatini hadi bondi ilipwe. Kuhusu vyeti vyako vya shule, yale makaratasi ya KCSE na diploma, ushauri wangu ni mfupi: mwajiri mpe nakala na umwonyeshe yenyewe akiwa amekaa mbele yako. Usimwachie. Nimeona watu wazima wakiomba vyeti vyao kama watoto wanaoomba mpira ulioanguka katika ua wa jirani.

Na usichanganye bondi na notisi. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, au zaidi ikiwa mkataba wake unasema hivyo, au alipe mshahara wa siku hizo. Hilo ni deni la peke yake. Ukitoroka bila notisi unakuwa umejitia madeni mawili, na umempa mwajiri kisa kizuri cha kumsimulia hakimu.

Lakini je, akikufukuza yeye? Au akitangaza kwamba kazi imepungua na jina lako likawa kwenye orodha? Hapo wewe hukuvunja ahadi. Ulikuwa tayari kufanya kazi na mlango ukafungwa. Bondi nzuri husema hivyo waziwazi. Yako isiposema, omba kifungu hicho kiongezwe kabla hujatia sahihi. Hali kadhalika mwajiri asiyelipa mishahara kwa miezi mitatu hana uso wa kumdai mtu uaminifu. Aliyelivunja sharti yeye mwenyewe ana kazi ngumu kumshtaki mwenzake kwa kulivunja.

Mama alitia sahihi gani?

Sasa tuje kwa wadhamini, na hapa naomba wazazi wasikilize.

Katika Gusii elimu ya mtoto haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Ni nani asiyekumbuka harambee za kumsafirisha kijana ng'ambo, mwalimu mkuu akiwa mwenye kiti, kila ukoo ukiitwa kwa jina, na majina ya waliotoa yakisomwa kwa sauti ili wasiotoa waone haya? Kijana huyo hakutia sahihi popote, na bado bondi yake ni nzito kuliko zote, maana kila akija likizo lazima amsalimie kila mmoja aliyetoa Sh200. Fundi wa jua kali mjini Kisii anayempokea kijana bila karo, kwa makubaliano kwamba akishajua kazi atamsaidia mwaka mmoja, naye ana bondi yake isiyoandikwa. Na kule Tabaka, baba anayemfundisha mwanawe kuchonga mawe ya sabuni hata hafikirii kumpa hesabu. Tumezoea kudaiana kwa moyo. Ndiyo maana karatasi ya mwajiri inapofika mezani tunaitia sahihi kwa moyo ule ule, tukidhani ni namna nyingine ya kusema tunamtakia mtoto heri.

Sivyo. Mdhamini ameahidi kulipa deni la mtu mwingine. Sheria yetu ya mikataba inasema ahadi kama hiyo haiwezi kumfikisha mtu mahakamani isipokuwa iwe imeandikwa na yeye mwenyewe, au aliyemruhusu, awe ametia sahihi. Kwa hivyo ahadi ya baba mdogo aliyoitoa sebuleni akishiba haina nguvu kortini, ingawa ina nguvu zake nyumbani. Lakini jina la mama kwenye karatasi lina nguvu kamili. Mwajiri akishinda kesi anaweza kumtafuta mama huyo, na mama wa Nyamira ana nini? Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, ana migomba, na ana majani chai ambayo bonasi yake huja mara moja kwa mwaka, karibu na mwezi wa Oktoba. Bonasi hiyo imekwisha kupangiwa karo ya mdogo wako kabla haijafika.

Kwa hivyo mzazi, kabla ya kuandika jina lako uliza udhamini wako una kikomo gani. Ni Sh360,000 zote au nusu? Je, unapungua pamoja na deni la mtoto? Mkataba ukibadilishwa baadaye, utaambiwa? Uwe na nakala yako, uiweke mahali unapoweka vitu vya maana. Na mtu akikuomba hati ya shamba ili "ikae tu kama dhamana," mwambie hati ya shamba haina kazi ya kukaa tu. Kwetu ambako mashamba yamegawanywa hadi mtu anaweza kumpa jirani chumvi dirishani, sijui ni kozi gani inayostahili kuwekewa ekari.

Vijana wanaoelekea ng'ambo wasidhani wameiacha bondi nyumbani. Huko nako ipo, tena kwa dola na pauni. Mwaka wa 2019 mahakama ya shirikisho ya Brooklyn, New York, iliamua kesi ya wauguzi waliotolewa Ufilipino kufanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Mkataba wao uliwataka walipe dola 25,000 wakiondoka kabla ya miaka mitatu. Mahakama ilisema kiasi hicho kilikuwa adhabu isiyoweza kutekelezwa, na kwamba kukitumia kuwatisha wauguzi ili wasiondoke kulivunja sheria ya Marekani inayopinga usafirishaji haramu wa watu. Uingereza, ambayo ilitia sahihi makubaliano na Kenya kuhusu wauguzi mwaka wa 2021, iliongeza mwaka uliofuata maneno katika mwongozo wake wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, kwamba vifungu vya kurudisha gharama viwe wazi tangu mwanzo na viwe vya kiasi. Mtoto wako anayekwenda Minnesota au Manchester akuonyeshe mkataba wake kabla ya kununua tiketi. Akisema "ni ya kawaida tu, mama," mwambie mama anataka kuiona hiyo ya kawaida.

Nisieleweke vibaya. Sijawaandikia watu wanaotafuta njia ya kula na kukimbia. Hospitali ndogo ya Kisii inayotoa Sh360,000 kumsomesha muuguzi mmoja imetoa fedha ambazo zingenunua dawa au kitanda. Akiondoka wiki mbili baada ya kurudi, mashine inabaki imefunikwa shuka, na mgonjwa wa figo kutoka Ekerenyo au Ogembo analazimika kutafuta nauli ya kwenda mbali mara mbili kwa wiki. Mwajiri wa namna hiyo akidai alipwe, anadai haki. Na wasomeshaji wakiendelea kukimbiwa wataacha kusomesha, kisha tutalalamika kwamba vijana wetu hawapewi nafasi. Mwajiri anayetaka watu wakae ana njia nyingine pia, ambayo ni kumwongezea mshahara aliyerudi na ujuzi mpya. Kumsomesha mtu na kumrudisha kwenye mshahara ule ule wa zamani ni kumfundisha kutafuta kazi kwingine.

Basi wewe uliye na barua mbili mkononi ufanyeje? Toa mkataba wako, na kama huna nakala, iombe kwa maandishi. Fanya ile hesabu ya mwezi kwa mwezi kwenye karatasi safi. Mwandikie mwajiri kwamba unatambua deni la Sh160,000, unaomba risiti za gharama, na uko tayari kulipa, tuseme, Sh16,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Barua ya namna hiyo hufanya maajabu, kwa sababu mwajiri alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kutoroka au mtu wa kugombana. Mpelekee mwajiri mpya nakala umwulize kama atasaidia. Mkielewana, andikeni, na mwisho wa malipo udai barua inayosema wewe na wadhamini wako hamdaiwi tena.

Msipoelewana, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali katika kaunti yako. Halipishwi mtu kwa kumweleza shida. Kesi ikilazimika, kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi Sh80,000 kwa mwezi mahakimu wa ngazi ya juu waliruhusiwa mwaka wa 2018 kusikiliza mizozo ya ajira, kwa hivyo si lazima uanze kwa kufunga safari ya Mahakama ya Ajira. Usichelewe, maana madai ya mikataba ya kazi yana muda wa miaka mitatu. Mimi si wakili, na kwa fedha nyingi mtafute wakili aisome karatasi yenyewe, kwa kuwa neno moja katika mkataba laweza kubadilisha yote niliyoyaandika hapa.

Lakini kabla ya wakili, kabla ya afisa wa kazi, kuna safari moja ya kufanya. Jumamosi ijayo panda matatu uende Kebirigo. Mkute mama akirudi kutoka kuchuma majani chai, mpishe kwanza apumzike. Kisha itoe karatasi ile, umtafutie miwani yake, na umsomee kwa Ekegusii mstari baada ya mstari kile alichokitia sahihi.